Maombi Kutoka Maktaba Iliyokufa

Siku ya sita tangu Odeta awekwe mahabusu, maktaba iliyokufa iliomba kitabu kingine.

Inspekta Jonathan Mayala aliisoma ile fomu mara mbili akiwa amesimama. Ilikuwa fomu ya kawaida ya kuazimana vitabu, yenye nafasi ya jina la kitabu, maktaba inayokimiliki na maktaba inayokiomba. Kwenye nafasi ya mwisho palikuwa na muhuri wa zambarau wenye herufi tatu: NYK. Tarehe ilikuwa ya jana, Alhamisi.

"Imefikaje hapa?" aliuliza.

"Nimeikuta kwenye sanduku la mlangoni leo asubuhi," alisema Mama Kokulinda, mkuu wa maktaba. "Jana nilipofunga, sanduku lilikuwa tupu."

"Nani ana ufunguo wa sanduku?"

"Kutumbukiza karatasi hakuhitaji ufunguo, Inspekta."

Walikuwa ghorofani, katika jengo la zamani la ushirika pale Mirongo, kwenye chumba kilichojaa makabati ya droo ndogondogo. Katika droo zile ilikaa katalogi ya pamoja. Tangu mwaka 1988 maktaba saba za kuzunguka ziwa zilikuwa zimekubaliana kuleta hapa nakala ya kila kadi ya kitabu. Mtu wa Bukoba aliyetafuta kitabu aliweza kujua kuwa kiko Ukerewe, akajaza fomu, kitabu kikapakiwa melini katika mfuko wa turubai, akakisoma mwezi mzima na kukirudisha. Kwenye kona ya kila kadi ziliandikwa herufi za maktaba yenye kitabu hicho. NYK ilikuwa maktaba ya wafanyakazi wa kiwanda cha mablanketi cha Nyakato. Mwaka 1992 kiwanda kiliuzwa na geti likafungwa, na maktaba saba zikabaki sita.

Hata hivyo NYK haikuacha kuazima. Ndani ya miaka miwili vitabu arobaini na moja vilitoka kwa jina lake, na hakuna hata kimoja kilichorudi. Wenye vitabu walilalamika. Bodi ilikuwa ikutane Jumatatu kuamua kama katalogi ivunjwe na kila maktaba ibaki na vyake.

Mayala alipopewa jalada alipiga simu kiwandani. Alipokea mfanyabiashara wa mitumba aliyesema hajui habari za maktaba yoyote. Nakala zote arobaini na moja za fomu zilikuwa na sahihi ya karani mmoja, Odeta. Alipoulizwa, Odeta alisema vitabu alimkabidhi mzee mmoja mpole aliyekuja na muhuri. Mayala aliandika pembeni mwa maelezo yake: mzee wa kubuni. Kisha kwenye meza ya muuza vitabu vikuukuu, jirani na anapoishi Odeta, akakamata kitabu chenye muhuri wa NYK. Hapo akaona kesi imekamilika. Odeta alichukuliwa Jumapili akitoka kanisani.

Sasa leo ilikuwa Ijumaa, na karatasi ilikuwa mkononi mwake.

"Nilikuambia si yeye," alisema Mama Kokulinda.

"Uliniambia ni binti mzuri. Hicho si kitu cha kuandika kwenye jalada."

"Hukuniuliza kingine. Ulikuja, ukataka fomu zenye sahihi yake, ukaondoka."

Mayala alivuta kiti akakaa. "Basi leo nauliza. Naomba kadi za vitabu vyote arobaini na moja."

Kazi ile iliwachukua zaidi ya saa moja. Mama Kokulinda alifungua droo moja baada ya nyingine, akalegeza vyuma vilivyoshika kadi, akazitoa na kuzipanga mezani. Mayala alizigawa kwanza kwa tarehe za kuazima. Hakuona kitu. Akazigawa kwa mada: ushonaji, ufugaji wa kuku, jiografia ya kidato cha tatu, ukunga, hadithi, umeme wa majumbani. Mwizi anayeiba ili auze angechagua vitabu vya gharama, na hapa vingi vilikuwa vya kawaida kabisa. Akazikusanya, akazitandaza tena bila mpango wowote, akakaa akizitazama.

Kisha akaweka kidole kwenye kona ya kadi moja. Akakihamishia kwenye nyingine, na nyingine.

"Mama, hizi zote zina alama mbili."

Mama Kokulinda aliinama. Kadi ya ushonaji ilikuwa na alama ya hospitali ya misheni ng'ambo ya ghuba, na chini yake NYK. Ya kuku ilikuwa na alama ya seminari, na chini yake NYK. Alizipitia zote polepole, akichezesha midomo kama anayehesabu.

"Alama mbili maana yake ni nini?" Mayala aliuliza.

"Kwamba maktaba mbili zina kitabu kilekile."

"Kwa hiyo NYK haiombi kitabu chochote ambacho haikuwahi kuwa nacho."

"Inaomba vyake," alisema Mama Kokulinda. Alivua miwani. "Mtu anairudishia vitabu vyake."

Mayala alitoa mfukoni kitabu alichokikamata kwa muuza vitabu. Kilikuwa cha ufugaji wa nyuki, kimevimba kama kilichowahi kulowa maji. Alikisukuma upande wa pili wa meza.

"Hiki kimo kwenye orodha ya vilivyopotea?"

Mama Kokulinda hakuhitaji kutazama orodha. "Hapana. Hiki ni cha NYK yenyewe, cha zamani. Tazama namba. Hakikuazimwa kwa mtu."

Kitabu kile ndicho kilichomfanya Mayala aombe kibali cha kumkamata Odeta. Jina la kitabu lilikuwa limeandikwa mbele yake kwa herufi kubwa, na kukilinganisha na orodha kungekuwa kazi ya dakika mbili.

"Odeta aliajiriwa lini?"

"Februari, tisini na tatu."

"Na kiwanda kilifungwa?"

"Agosti, tisini na mbili."

"Alipofika, nani alimwambia kwamba NYK haipo tena?"

Mama Kokulinda alianza kuzipanga kadi upya, ingawa zilikuwa zimepangika. "Nilitakiwa niandike barua ya kuifuta kwenye orodha," alisema. "Sikuiandika. Niliona tukiifuta tutakuwa tumekubali kwamba vitabu elfu mbili vimepotea. Nikawa nasema, mwezi ujao. Yeye alikuta orodha ina maktaba saba, akahudumia maktaba saba."

"Nani alizichapa kadi za NYK?"

"Mkutubi wao, Mzee Chenge. Alizileta mwenyewe kwa baiskeli, mafungu mafungu, mwaka mzima."

"Ni mtu wa namna gani?"

"Mpole," alisema Mama Kokulinda.

*

Kwenye geti la kiwanda kulikuwa na mlinzi mmoja, Shimba, mtu wa makamo mwenye koti la mvua ingawa jua lilikuwa kali. Nyuma yake, mahali palipokuwa na mashine za kufumia, marobota ya mitumba yalikuwa yamepangwa hadi darini.

"Maktaba ilikuwa ukumbi ule pale, penye mlango wa bluu," Shimba alisema. "Mimi nilikuwa nafuma, zamu B. Tukitoka kazini tunapitia."

"Vitabu vilikwenda wapi?"

"Vilitolewa nje. Tajiri mpya alitaka ukumbi uwe wazi ndani ya siku tatu. Vikamwagwa pale ukutani, na siku ile ikanyesha, mvua ya huku unaijua. Wauza maandazi wakachukua vya kufungia. Wengine wakachukua vya kuwashia moto. Vilivyopona vikauzwa sokoni."

"Mzee Chenge alikuwepo?"

"Alikuwepo. Alisimama na mwavuli. Lakini mwavuli mmoja, afande, na vitabu vyote vile." Shimba alionyesha kwa kidevu ng'ambo ya barabara. "Anakaa kwenye nyumba zetu za zamani, mstari wa nne. Ukiona viatu vingi mlangoni, ndipo hapo."

Viatu vilikuwa jozi tano. Mlango ulikuwa wazi. Mayala aliinama kupita akajikuta kwenye chumba kimoja kirefu ambacho ukuta wake mzima ulikuwa na rafu zilizotengenezwa kwa mbao za masanduku ya mashine. Vitabu vilikuwa vichache kuliko rafu, vyote vimevalishwa karatasi za kaki na kuandikwa namba mgongoni. Kati ya kitabu na kitabu ziliachwa nafasi, nyingine za upana wa kiganja, nyingine za mkono mzima. Mama mmoja alikuwa mezani akinakili vipimo vya sare ya shule kutoka kitabu cha ushonaji. Wasomaji wengine walikaa kwenye mkeka, kimya.

Mzee mwembamba aliinuka kutoka kwenye kijimeza kilichokuwa karibu na dirisha.

"Shikamoo mzee," alisema Mayala.

"Marahaba. Karibu. Unarudisha, au unatafuta?"

Mayala alimpa kitambulisho chake. Mzee alikisoma mbele na nyuma, bila haraka, akamrudishia.

"Mayala wa wapi?"

"Wa Magu, mzee."

"Nilikutegemea tangu jana," alisema Mzee Chenge. Akamgeukia yule mama mezani. "Dorotea, waombe wenzako wakae nje dakika kidogo. Wewe baki, umalizie vipimo."

Wasomaji walitoka. Mayala alizihesabu namba za migongoni. Arobaini na moja.

"Hizi nafasi ni za nini?"

"Za vile ambavyo bado sijavipata."

"Ulikuwa unajua NYK imekufa."

"Ilikufa mikononi mwangu, ningeachaje kujua." Alikaa. "Walinipa karatasi nitie sahihi. Imeandikwa samani na takataka za ukumbi, ziondolewe. Niliuliza vitabu vinakwenda wapi, wakaniambia stoo. Nikatia sahihi. Nilikuwa na hofu ya kupunguzwa, afande. Nilidhani nikikubali haraka watanibakiza. Siku ya tatu nilipunguzwa na mimi."

"Kwa nini usimweleze Mama Kokulinda?"

"Nimwambie nini? Kwamba kadi alizonipigia makofi, nyuma yake hakuna kitu?" Alitazama rafu. "Muhuri ulibaki kwenye mfuko wa koti langu. Siku moja nikajaza fomu, nione kama watakataa. Binti akanikaribisha, akanipa kiti, akanipa kitabu. Watu wa hapa walikuwa hawajashika kitabu mwaka mzima. Nikashindwa kurudisha. Nikajaza nyingine."

"Ulijua amekamatwa?"

Kalamu ya Dorotea ilikuwa imesimama.

"Nilijua Jumanne," alisema Mzee Chenge. "Nilikwenda kuchukua kitabu, nikakuta meza yake imefunikwa. Mfagizi akanieleza."

"Jumanne. Na leo Ijumaa."

"Jumatano nilikuja kituoni kwenu. Nilifika hadi kwenye geti. Nikawaza: nikiingia, kesho wanakuja na gari, rafu zinabaki tupu, na safari hii hakuna wa kumsingizia. Nikageuka. Usiku ule nilijiambia nitakwenda kesho. Alhamisi nikaandika ile fomu. Niliwaza ikifika wakati yeye yuko ndani, mwenye akili atatambua kuwa si yeye."

"Fomu haitoi maelezo, mzee. Mtu ndiye hutoa."

"Ndiyo."

"Kitabu ulichoomba jana ni cha magonjwa ya mapafu. Ulikichagua kwa kubahatisha?"

"Hapana. Kuna mwenzetu chumba cha tano, miaka kumi na minane kwenye vumbi la pamba. Daktari humtajia ugonjwa wake kwa haraka. Yeye anataka ausome taratibu." Mzee Chenge alikunja mikono yake juu ya magoti. "Nilimtumia yule binti kama fomu, afande. Hilo naliona. Nilipolitenda sikutaka kuliona."

Mayala alitoa karatasi akaandika maelezo yake, akamsomea, mzee akatia sahihi. Mwandiko ulikuwa uleule wa fomu. Hakumfunga pingu. Mzee alimkabidhi Dorotea daftari la wasomaji na ufunguo, akamweleza nani anatakiwa kurudisha nini, akachukua koti lake wakatoka.

*

Kwenye kaunta ya kituo alikuwepo Koplo Modesta. Mayala alimketisha Mzee Chenge kwenye benchi, akataka kitabu cha mahabusu.

"Namwachia Odeta," alisema. "Andaa vitu vyake."

Koplo Modesta hakuandika. "Afande, kuna jambo lake. Kaka yake alikuja."

"Lini?"

"Jumatano. Alitoka Majita usiku. Mama yao alifariki Jumanne, ghafla, akiwa shambani. Alikuja kumchukua akazike."

"Mbona sikuambiwa?"

"Ulikuwa Nyegezi kwa wale wa seminari. Na kwenye jalada uliandika asionane na mtu, asipewe salamu wala ujumbe, hadi utakapotoa maelekezo mengine. Nilimwonyesha. Alikaa pale benchi hadi saa sita mchana akikusubiri. Mazishi yalikuwa jana, akaona atachelewa, akaondoka." Koplo Modesta alishusha sauti. "Ulivyorudi jioni ulipitia mlango wa nyuma. Jana nilikuwa mapumziko. Nilidhani aliyeshika zamu atakueleza."

Mayala alilivuta jalada. Amri ilikuwa pale, ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wake. Nyuma yake Mzee Chenge alikuwa amesikia yote, kwa maana alikuwa ameinuka kwenye benchi na kushika ukuta.

"Jumatano saa ngapi?" aliuliza mzee.

Mayala aliingia ofisini kwake akaagiza Odeta aletwe. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na sita hivi, mrefu, amevaa gauni lilelile la Jumapili. Alipopita kaunta alimwona mzee. Alisimama.

"Shikamoo mzee," alisema.

Mzee Chenge aliitikia "marahaba" tu, mkono wake ungali ukutani.

Odeta akaingia ofisini.

"Keti," alisema Mayala.

"Nimekaa siku sita, afande. Nitasimama."

"Mzee uliyemtaja yupo. Vitabu vyote vimepatikana. Maelezo yako yalikuwa ya kweli."

"Nilijua ni ya kweli."

"Unaachiwa sasa hivi, bila mashtaka. Nitamwandikia Mama Kokulinda urudishwe kazini." Mayala aliinuka naye, kwa sababu aliona haiwezekani kulisema lile jingine akiwa amekaa. "Kuna jambo lingine, Odeta. Kaka yako alikuja hapa Jumatano. Alileta habari ya msiba. Ni mama yako. Alifariki Jumanne."

Odeta alimtazama kana kwamba bado kuna sentensi moja imebaki. Halafu akaweka mikono yake miwili juu ya meza, viganja chini, akaegemea.

"Wamemzika lini?"

"Jana."

"Na kaka, alipokuja, mlimwambia nini?"

"Kwamba hairuhusiwi kuonana nawe."

"Mlimwambia nipo kwa kosa gani?"

"Wizi."

Alitikisa kichwa polepole. Machozi yalimtoka bila sauti, hakuyafuta.

"Kwa hiyo walikaa msibani wanajua hivyo," alisema. "Shangazi zangu, wazee wa kanisa, watu wote. Mama alikuwa akiwaambia mwanangu yuko mjini, anafanya kazi na vitabu."

"Nina gari," alisema Mayala. "Nitakupeleka mwenyewe hadi Majita, leo hii."

"Nishuke kwenye gari la polisi mbele ya kaburi la mama yangu?"

Nje simu ililia ikanyamaza.

"Nitapanda basi," alisema Odeta. "Lakini sitakwenda mikono mitupu. Niandikie barua. Kaka ataisoma mbele ya watu kabla hawajatawanyika."

Mayala alikaa, akachukua karatasi yenye nembo ya polisi. Aliandika kwa uangalifu, kama alivyozoea kuandika ripoti. Alipomaliza alimpa. Odeta aliisoma akiwa amesimama, kidole kikifuata mistari, na alipofika katikati kidole kikasimama.

"Hapa umeandika, alishikiliwa kutokana na makosa yaliyojitokeza katika upelelezi."

"Ndiyo."

"Yalijitokeza yenyewe?"

Mayala aliweka kalamu mezani.

"Upelelezi ulikuwa na mtu," alisema Odeta. Aliirudisha barua mezani, akaigeuza imwelekee. "Mwandike."

Mayala aliikunja ile karatasi akaiweka kando. Akachukua nyingine, isiyo na nembo, akaitia tarehe. Chini yake akaandika: Mimi, Jonathan Mayala. Kalamu ilisimama hapo, juu ya karatasi, na Odeta hakumharakisha. Kisha akaendelea.